Picha ya Giza

Picha iliyopigwa lenzi ikiwa imefunikwa haina kitu. Hilo halihitaji shule. Ukifunika sufuria huoni mchuzi, ukifunika lenzi kamera haioni dunia, na atakayekwambia vinginevyo ama anataka hela yako ama amelewa. Leodgar hakuwa mlevi. Kwa miaka kumi na saba alikuwa mpiga picha katika kata ya Ng'ambo, Tabora mjini, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona kitu ndani ya picha ya kifuniko. Alikiona Jumatatu moja, saa nne asubuhi, pazia la studio likiwa limeshushwa ili jua la nje lisimharibie rangi za kompyuta. Katika weusi ule, chini upande wa kushoto, palikuwa na bega la mtu.

Akafuta kioo kwa mkono wa shati. Bega likabaki palepale.

Turudi nyuma kidogo, maana bega hilo halikujileta. Liliitwa, na aliyeliita alikuwa Leodgar mwenyewe, kwa wivu wake.

Alipomwoa Agnetha, binti huyo alikuwa mwimbaji wa kwaya ya Moravian, hajui hata kamera inawashiwa wapi. Leodgar ndiye aliyemfundisha. Alianza kumpa kazi ya kushika taa, kisha ya kukata picha za pasipoti, kisha, mtoto wao Recheli alipopelekwa shule ya bweni Nzega na nyumba ikapoa, akamnunulia kamera ya mtumba ili amsaidie kwenye harusi. Hapo ndipo alipojipalia makaa.

Kumbe Agnetha alikuwa na jicho la gizani. Kumbi za Tabora mnazijua: taa mbili zenye usingizi, umeme wa kusuasua, na mchungaji asiyetaka kuona flashi wakati wa ibada. Katika mwanga wa namna hiyo Leodgar alipandisha ISO hadi juu kabisa, yaani aliilazimisha kamera ione kwa nguvu, na picha ikatoka na chenga, vile vidoti vyekundu na vya bluu, kana kwamba mtu kammwagia bi harusi uwele usoni. Agnetha hakulazimisha. Aliteremsha ISO, akaegemeza kiwiko kwenye nguzo, akabana pumzi, akangoja bi harusi atulie, ndipo akafungua shata, kile kijilango cha ndani kinachoingiza mwanga, polepole. Alipiga picha mbichi, kama wapiga picha wanavyoiita ile ambayo kamera haijaipika, na akifika kwenye kompyuta aliinua vivuli kidogo kidogo mpaka nyuso zikajitokeza laini, kila mtu na rangi yake aliyozaliwa nayo.

Wateja wakaanza kuchungulia mlangoni na kuuliza kama mama Recheli yupo. Leodgar akijibu kwamba yeye yupo, walisema hapana shida, watamsubiri mama.

Ilimuuma. Ilimuuma mpaka chakula kikawa hakipiti. Mbele za watu alimsifu mkewe kwa sauti kubwa, lakini Agnetha akienda mazoezi ya kwaya yeye alifungua picha zake kwenye kompyuta, akazikuza, akatafuta kosa kope kwa kope. Asipoliona, alihamia kwenye mboga na kulalamika kwamba chumvi imezidi. Wivu ni kidonda, khanga zinasema, ukishiriki utakonda, na Leodgar alikuwa ameanza kutoboa matundu mapya kwenye mkanda wake.

Ndipo alipokuja mwalimu Bernardo, mstaafu mmoja aliyekuwa akiandaa kalenda ya njia ya zamani ya misafara, ile ambayo wapagazi waliipita na mizigo kichwani kutoka pwani kuja Tabora na kuendelea hadi Ujiji. Alitaka picha moja ya jalada: njia yenyewe wakati wa magharibi, bila flashi, bila taa yoyote. Alisema kila mmoja wao alete picha moja naye atachagua. Alisema "kila mmoja", lakini alipokuwa akisema alimtazama Agnetha, na Leodgar aliliona jicho hilo lilipotua.

Jumamosi yake, bila kumuaga mkewe, alimkodi Masolwa, kijana wa bodaboda, wakashika njia ya Isikizya. Kabla ya kufika huko wakakata kushoto kwenye kijia cha ng'ombe, na mbele yao pakaonekana lundo la mawe, urefu wa kiuno, majani yameota pembeni. Masolwa alizima pikipiki. Aliokota kijiwe barabarani, akakiweka juu ya lundo kwa adabu, kama anayeweka kikombe mbele ya mkwe.

Leodgar alimuuliza hiyo ni dini gani. Masolwa akaeleza bila kupandisha sauti. Msafara mmoja ulipita hapo zamani, na mpagazi mmoja alikuwa na mkewe, akimbebea vyungu tangu pwani. Mke akaugua njiani. Mume alikuwa amekwisha kupata mwingine humo humo msafarani, akamwambia huyu wa kwanza apumzike kidogo, watamrudia. Hawakumrudia. Waliokuja nyuma walimkuta hasemi, wakamfunika mawe.

"Walimfunika kabla hajamaliza kukata roho," alisema Masolwa. "Ndiyo maana kila apitaye anaongeza jiwe, kaka. Huyo kageuka jini, na jini lake ni la wivu. Hayo mawe yanaongezwa, hayapunguzwi."

Leodgar akacheka, akamwambia aende kijijini akanywe soda, arudi baada ya saa moja.

Upepo ulianza jua lilipokuwa linazama. Picha ya magharibi inataka shata ibaki wazi muda mrefu, na shata ikibaki wazi kamera haitakiwi kutikisika hata unywele. Stendi ilikuwa inatetemeka. Dawa yake kila mpiga picha anaijua: unaning'iniza mfuko mzito chini ya stendi ili itulie. Mfuko Leodgar alikuwa nao, kitu kizito hakuwa nacho. Akatazama kulia, nyasi. Akatazama kushoto, nyasi na mavi ya ng'ombe. Akainama kwenye lundo, akachukua mawe matatu ya juu. Moja lilikuwa jekundu, na mstari mweupe umelizunguka kama uzi.

Stendi ikatulia. Akafungua tundu la lenzi lote, akateremsha ISO kama alivyokuwa akimwona mkewe akifanya, akaacha shata wazi sekunde ishirini. Kisha akavika kifuniko kwenye lenzi, akapiga tena sekunde ishirini za giza tupu. Huo nao ni ujuzi. Kamera ikikaa wazi muda mrefu inapata joto na kuzaa chenga zenyewe. Ukiipiga imefunikwa, unapata chenga peke yake, halafu kompyuta inazitoa kwenye picha ya kweli, kama mama anayezijua changarawe za gunia lake anavyopembua mchele.

Katika sekunde hizo ishirini alisikia jiwe likigonga jiwe nyuma yake. Mara moja, taratibu. Kisha ikaja harufu ya ngozi mbichi ya mnyama iliyoachwa juani. Hakugeuka, maana alikuwa anahesabu. Alipofika ishirini taa ya pikipiki ya Masolwa ilikuwa imekwisha kutokea, naye akakunja kila kitu haraka, mfuko na mawe yake ndani.

Nyumbani Agnetha aliupokea mfuko, mkono ukamshuka. Akaufungua mezani.

"Mawe ya nini, baba Recheli?"

"Kulikuwa na upepo," alijibu, akaenda kuoga.

Basi hiyo ndiyo picha ya giza aliyoifungua Jumatatu. Aliongeza mwanga ili azione chenga, akaliona bega. Akaongeza tena, ukatokea mgongo wa mwanamke aliyeketi, kajifunga kipande cha ngozi, kichwa kakiinamisha. Leodgar alishtuka, akaurudisha mwanga chini mpaka weusi ukafunga. Angeweza kuishia hapo. Lakini mezani palikuwa na picha ya njia inayomngoja, imejaa chenga, na jina la Agnetha lilikuwa linamwasha moyoni. Akaiambia kompyuta itoe giza kwenye picha.

Picha ikatakata. Haikubaki chenga hata moja kwenye mchanga. Kila jani lilisimama peke yake, na njia ikaenda mbele laini mpaka machweo. Hakuwahi kupata picha kama ile, na zaidi ya hapo, hakuwahi kumwona Agnetha akipata picha kama ile. Furaha ikamfanya asahau bega.

Jumanne akaona ajaribu giza lile lile kwenye picha zake za harusi, zile mbovu zilizomwaibisha. Kwa kanuni isingefaa, kwa kuwa kila picha ina chenga zake. Ilifaa. Alisafisha ya kwanza, ya pili, ya tisa, na alipoifungua tena picha ya giza kuitazama, yule mwanamke alikuwa amegeuka ubavu. Shavu lake moja lilionekana. Harufu ya ngozi ilikuwa chumbani, naye alijiambia ni viatu.

Jumatano asubuhi Agnetha alikuwa anamimina chai, ikamwagika nje ya kikombe. Akaketi, akafikicha macho kwa ncha ya khanga.

"Baba Recheli, naona chenga," alisema. "Kama za kwenye picha. Nyekundu na bluu, popote ninapotazama."

Leodgar alielewa hapo hapo. Msije mkasema hakuelewa. Moyoni alijua chenga alizozifuta kwenye picha zimeenda wapi. Akasema labda ni moshi wa mkaa. Walikwenda hospitali, daktari akamulika, akapima, akasema macho ni mazima kabisa, apumzike. Alhamisi nzima Leodgar hakuiwasha kompyuta. Alimwongoza mkewe hadi bafuni, akampikia uji, akamwinamia kwa upole ambao Agnetha hakuwa ameuona kwa miaka mingi, na yule mama akamshukuru. Usiku huo Leodgar aliapa moyoni kwamba ameacha.

Ijumaa mchana simu ikalia. Alikuwa mwalimu Bernardo. Alisema kesho anachagua, na kwamba picha ya mama Recheli, aliyoileta kabla hajaugua, ni ya ajabu, hajui kama kuna ya kuipita, lakini haki ni haki, na baba naye alete ya kwake leo hii.

Ni ya ajabu. Neno hilo lilimwingia Leodgar kama pilipili kwenye jeraha. Akashusha pazia, akawasha kompyuta, akaikuza picha yake, na kule pembeni kabisa, mbingu inapogusana na vichaka, akaona chenga tatu au nne zilizobaki. Mtu mwingine asingeziona. Agnetha angeziona. Alijiambia mara hii moja tu, ya mwisho, halafu atafuta kila kitu na mkewe atapona na mambo yataisha.

Ilikuwa saa kumi na dakika kumi, jua la Tabora kali nje, watu wanapita wakibishana bei ya mihogo, na ndani ya chumba kile Leodgar aliifungua picha ya giza, akasogeza mwanga juu nukta moja, nukta mbili, na ule weusi ukaanza kupungua kama maji yanavyopungua kwenye beseni, ukaonyesha magoti, ukaonyesha mikono iliyokaa juu ya magoti, ukaonyesha shingo, na mwanamke yule hakuwa tena kampa mgongo wala ubavu bali alikuwa anamtazama yeye, karibu sana, uso umejaa kioo chote, uso mkavu wenye vumbi la njia katika mikunjo, na ndani ya uso ule uliokufa miaka isiyohesabika mlikuwa na macho mazima, yenye maji, ya kahawia, na la kushoto lilikuwa na kidoti cheusi karibu na mboni ambacho Leodgar alikuwa amekizoea kwa miaka kumi na tisa mezani na kitandani. Yalikuwa macho ya Agnetha.

Nyuma yake, kule penye kitambaa cha kupigia picha za pasipoti, jiwe likagonga jiwe.

"Zimebaki chache," sauti ikasema, ndogo, ya mtu aliyekaukiwa koo. "Malizia. Mke mmoja apumzike, mmoja apite."

Na mkono wake, mnisikilize vizuri, mkono wake wenyewe, bila kusukumwa na mtu, kwa kuwa jini halikumgusa hata kidogo, ulibonyeza. Picha ikatakata hadi pembeni. Akaituma kwa mwalimu Bernardo. Ilipokwisha kwenda ndipo akasikia sauti ya mkewe kutoka uani, uani kwenye jua, ikiuliza kwa utulivu.

"Baba Recheli, umeme umekatika?"

Alilia usiku kucha akiwa amemshika mkono. Alfajiri akampigia simu Masolwa, akamweleza juu ya mawe. Masolwa akasema anakuja na pikipiki mbili, na wampeleke mama kwa Kashindye, shangazi yake yeye Masolwa, mganga wa huko huko Isikizya.

Walimkuta Kashindye anamenya karanga. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na baada ya shikamoo na marahaba aliendelea kumenya muda wote waliokuwa wanaeleza. Hakutikisa kibuyu wala hakuita mizimu. Aliuliza swali moja tu: katika nyumba hiyo, nani anamwonea mwenzake wivu? Masolwa akaangalia chini. Leodgar akasema ni yeye.

"Ndiyo maana," alisema Kashindye. "Watu wanakojoa kwenye lile lundo, watoto wanalirukia, na huyo mama hamfuati mtu. Alikufuata wewe kwa sababu mlifanana."

Dawa aliyoitoa ilikuwa fupi. Mawe yarudishwe, na aliyeyachukua ayarudishe kwa mkono wake. Picha ya giza ifutwe. Na papo hapo kwenye lundo, mke akiwa anasikia, mume aseme yote aliyoyafanya, asiache hata punje, kwa maana jini la wivu linakula kilichofichwa, na likibakiziwa tonge litakaa kulingoja jingine.

Walifika kwenye lundo saa sita mchana. Agnetha alisimama kamshika Masolwa bega, macho wazi, hayaoni. Leodgar alianza kusema. Alisema alivyokuwa akizikuza picha za mkewe kutafuta kosa. Alisema habari ya chumvi kwenye mboga. Alisema alivyokuja kwa siri, alivyoambiwa mawe hayapunguzwi akacheka, alivyoliona bega, alivyosafisha picha Jumatatu na Jumanne. Agnetha alisikiliza, na aliposikia ile ya chumvi alicheka kidogo huku machozi yakimtoka. Leodgar akafika Jumatano. Akamtazama mkewe, akaona jinsi uso ule ulivyokuwa umeanza kumsamehe, na ulimi ukamkwama. Alisema Jumatano mkewe alipougua, aliogopa akaacha.

Kashindye alimtazama juu ya miwani yake.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Mficha uchi hazai, baba."

"Nimemaliza."

Mganga akapumua, akamwambia aweke mawe. Akaweka la kwanza, la pili, na mwisho lile jekundu lenye uzi mweupe. Ndani ya lundo kitu kilijisogeza, mawe yakasagana kwa chini, kama mtu anayejigeuza kitandani kutafuta upande wa kulalia, na harufu ya ngozi ikawapita wote wanne, ikapotea kwenye nyasi. Kashindye aliokota karanga iliyomwangukia kwenye khanga, akaitafuna.

"Amelala," alisema. "Kama kuna kilichobaki, kimebaki kwenu."

Jioni hiyo Agnetha aliuona mwanga wa taa. Jumatatu aliwahesabu kuku wa jirani. Jumatano alitunga uzi kwenye sindano, akapiga kigelegele peke yake jikoni, na Leodgar, aliyekuwa ameifuta ile picha ya giza, alikwenda nyuma ya nyumba akamshukuru Mungu kwa kweli.

Kalenda ilitoka na picha ya Leodgar kwenye jalada. Mwalimu Bernardo alisema hajaona kitu kama kile. Na nani aliyeitembeza kalenda hiyo Ng'ambo nzima? Agnetha. Alimwonyesha kila mtu, kanisani na gengeni, akisema mume wangu huyo, mwalimu wangu. Kila akisema hivyo Leodgar aliumwa na siri yake, lakini maumivu hayo aliyazoea, kama watu wanavyozoea viatu vinavyobana.

Mwezi wa pili baada ya hapo Leodgar alikwenda Ulyankulu kwenye harusi, akalala huko. Mwalimu Bernardo akapita studio kuomba picha ile ile kwa ukubwa wa ukutani, na kwa kuwa mwenyewe hayupo, Agnetha akaifungua. Sasa, picha mbichi ina tabia moja. Ile yenyewe haibadiliki; kila unachoifanyia, kompyuta inakiandika pembeni, hatua kwa hatua, siku na saa. Kwa watu wengine hayo ni maandishi tu. Agnetha alikuwa fundi.

Leodgar aliporudi jioni alikuta wali na kuku mezani. Akanawa, akaketi. Mkewe akamsogezea bakuli la mchuzi.

"Nilikwambia naona chenga siku ya Jumatano, asubuhi, kwenye chai," alisema. "Ile picha umeigusa Ijumaa, saa kumi na dakika kumi."

Leodgar akauondoa mkono kwenye wali.

"Kula," alisema Agnetha. "Kinapoa."

Hakulitaja tena. Siku ya kwanza Leodgar aliona ni afadhali, siku ya tano aliona ni afadhali angepigwa na mwiko. Agnetha alipika, alifua, aliimba, alimwita baba Recheli kama kawaida. Alikodi pikipiki mara moja kwenda kupiga picha, akarudi magharibi imeingia, viatu vina vumbi jekundu. Na kazi zake, ambazo zilikuwa nzuri tangu zamani, zikawa kitu kingine. Alipiga ibada ya jioni kwa mwanga wa mshumaa, na kwenye kioo kila uso ulitokea safi kana kwamba umeoshwa kwa maji ya mvua. Watu walikuja kutoka Igunga kumtafuta. Leodgar alizitazama picha zile na kwa mara ya kwanza hakuona wivu. Aliona baridi.

Asubuhi ya Alhamisi aliamka, akatazama ukuta mweupe wa chumbani, akaona kidoti chekundu. Akafumba, akafumbua. Vikawa viwili, chekundu na cha bluu, kisha kumi, vikitembea popote macho yalipokwenda, kwenye shuka, kwenye kiganja chake, kwenye jua lililoingia dirishani. Akapapasa ukuta mpaka studio. Pazia lilikuwa limeshushwa. Agnetha alikuwa kwenye kompyuta, kampa mgongo, kainamisha kichwa, na kwenye mwanga ule mdogo bega lake la kushoto tu ndilo lililoonekana vizuri. Chumba kilinuka ngozi mbichi.

Stendi ya mkewe ilisimama pembeni mwa mlango, na chini yake ulining'inia mfuko. Leodgar aliingiza mkono. Alitoa jiwe, akalileta karibu na uso mpaka akauona, kati ya chenga, ule mstari mweupe uliolizunguka kama uzi.

"Mama Recheli," alisema kwa sauti ya chini, "hili jiwe la nini?"

Agnetha hakugeuka. Aliinua vivuli vya picha yake nukta moja zaidi, na mbele ya Leodgar asubuhi ikapungua.

"Kulikuwa na upepo," alisema.